Sikio na Safari ya Angani

Yapo maumivu ambayo babu zetu hawakuyajua kwa sababu hawakuwa na chombo cha kuwafikisha yalipo. Maumivu ya sikio wakati ndege inaposhuka ni mojawapo. Hayamshiki mtu nyumbani kwake, wala shambani, wala sokoni. Humshika akiwa amefungwa mkanda kitini, mahali ambapo hakuna daktari wala duka la dawa, na wala hawezi kumwomba rubani asimame kidogo apumue. Humshika mkubwa na mdogo, tajiri na maskini. Wengi huyavumilia kwa dakika ishirini kisha huyasahau. Wachache hawayasahau. Nimeona inafaa niandike kidogo juu ya historia ya maumivu hayo na ya watu waliotafuta namna ya kuyapunguza, kwa kuwa historia hiyo ni ndefu kuliko ya ndege yenyewe, na ndani yake mna jambo ambalo naamini kila msafiri anastahili kuambiwa kabla hajapanda ngazi ya ndege.

Tuanze na sikio lenyewe. Sehemu tunayoiona nje ni baraza tu. Nyumba yenyewe imo ndani. Mwisho wa tundu la sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, nayo ndiyo tunayoiita ngoma ya sikio. Nyuma ya ngozi hiyo kuna chumba kidogo sana kilichojaa hewa. Chumba hicho kina mlango mmoja, nao ni mrija mwembamba, wenye urefu wa kama sentimita tatu na nusu kwa mtu mzima, unaoteremka hadi nyuma ya pua karibu na koo. Kwa kawaida mrija huo umefumba. Hufunguka kwa muda mfupi tu tunapomeza mate au tunapopiga miayo, na kila unapofunguka, hewa ya ndani hupata nafasi ya kulingana na hewa ya nje.

Basi hewa nayo ina uzito, na uzito huo hutugandamiza kila upande bila sisi kuhisi. Pwani hutugandamiza zaidi, mlimani kidogo. Mtu akipanda juu, hewa ya nje hupungua nguvu, na ile iliyofungiwa ndani ya chumba cha sikio hutanuka na kuisukuma ngoma kwenda nje. Akishuka, mambo hugeuka: hewa ya nje huzidi nguvu na kuisukuma ngoma kwenda ndani. Si lazima mtu apande ndege ndipo ayajue haya. Abiria wa basi aliyepata kuteremka mlima Kitonga akitoka Iringa, au kushuka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, anaijua hali hiyo. Sauti za wenzake huwa kama zinatoka ndani ya mtungi, mpaka ameze mate, sikio lilie kidogo, na dunia imrudie.

Hapo kuna jambo moja la kutiliwa maanani. Mlango huo wa sikio haukutengenezwa sawa kwa kutoka na kuingia. Mwisho wake wa chini, ule wa kooni, ni laini. Hewa ya ndani ikizidi, hujisukumia njia yenyewe ikatoka, na mtu pengine asihisi kitu ila mlio mdogo. Lakini hewa ya nje ikizidi, badala ya kuufungua mrija huufumba zaidi. Ndiyo maana kupanda huwa kwepesi na kushuka huwa kuzito. Hewa ya kuingia haiingii mpaka mwenye sikio amefungua mwenyewe, kwa misuli yake.

Watu wa kwanza kuujua mgandamizo huu kama sehemu ya kazi yao walikuwa wapiga mbizi. Maji ni mazito kuliko hewa, na mtu akizama mita kumi tu, mgandamizo unaomlemea huwa maradufu ya ule ulio juu ya maji. Al-Masudi, aliyesafiri hadi pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 10, na Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, wote wawili waliandika pia juu ya wapiga mbizi wa lulu katika Ghuba. Wote wawili wametaja kibanio cha pua kilichotengenezwa kwa gamba la kasa. Kibanio kile kiliyazuia maji yasiingie puani, lakini kilifanya na kazi ya pili. Mtu aliyebanwa pua, akisukuma pumzi au akimeza mate, hewa iliyokosa njia ya pua huelekea masikioni. Miongoni mwa wapiga mbizi wa Ghuba katika karne ya 19 walikuwamo watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii yetu. Hao hawakuhitaji kusomewa kitabu juu ya maumivu ya sikio. Walizama nayo na kuibuka nayo, mara nyingi kwa siku moja, kwa ajili ya lulu ambazo hazikuwa zao.

Kitabu kilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1564 Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Kiitaliano aliyekuwa akifundisha Roma, alichapisha maelezo ya mrija ule unaounganisha sikio na koo. Alikuwa mtu wa kupasua maiti na kutazama kwa makini, na hakuwa na haja na safari. Aliyeupa mrija huo jina la Eustachi alikuwa Mwitaliano mwenzake, Antonio Maria Valsalva, aliyezaliwa Imola mwaka 1666 na kufanya kazi Bologna. Kitabu cha Valsalva juu ya sikio la binadamu kilitoka mwaka 1704. Ndani yake alieleza njia rahisi: mgonjwa abane pua, afumbe mdomo, kisha asukume pumzi kana kwamba anataka kuitoa puani. Valsalva alikuwa na shida yake, nayo ilikuwa usaha. Alitaka usaha uliojaa ndani ya sikio bovu usukumwe utoke nje. Leo hii abiria wa ndege anapobana pua na kupuliza, anafanya dawa ya usaha iliyoandikwa karibu miaka 200 kabla ya ndege ya kwanza kuruka, na pengine hajapata hata siku moja kulisikia jina la Valsalva.

Baada yake akaja mtu ambaye hakuwa tabibu kabisa. Edmé-Gilles Guyot alikuwa mkuu wa posta wa Versailles, Ufaransa, naye alikuwa kiziwi. Mwaka 1724 aliwaarifu wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Paris kwamba alijitengenezea mrija wa bati uliopinda, akaupitisha mdomoni mwake hadi nyuma ya pua, na kuutumia kuusafisha mlango wa sikio lake. Msomaji na afikiri kidogo mtu huyo alivyokuwa amechoka na ukimya, hata akajiingiza bati kooni kwa mkono wake mwenyewe! Mwaka 1741 tabibu wa Kiingereza, Archibald Cleland, akapendekeza kupitisha mrija wa namna hiyo puani badala ya mdomoni, na njia hiyo ndiyo waliyoifuata matabibu wengi baadaye.

Hata hapo bado hakuna aliyekuwa amepaa. Mtu wa kwanza ambaye maumivu yake ya sikio angani yameandikwa katika historia ni Jacques Charles, mwanasayansi wa Kifaransa, yule ambaye kila mwanafunzi wa fizikia hulijua jina lake kwa sababu ya kanuni ya gesi. Tarehe 1 Desemba 1783 alipaa kutoka Paris, yeye na mwenzake Nicolas-Louis Robert, ndani ya kikapu kilichoning'inia chini ya puto la haidrojeni. Umati mkubwa ulikuwa umekusanyika, na Benjamin Franklin wa Marekani alikuwa miongoni mwa watazamaji. Walisafiri salama kwa saa mbili hivi, wakatua mashambani jua likizama. Robert akashuka. Charles akataka kupaa tena peke yake, na puto, lililokuwa limepungukiwa na uzito wa mtu mmoja, likaruka juu kama mshale. Kwa muda wa kama dakika kumi tu alifika karibu mita 3,000. Huko juu aliliona tena jua ambalo chini lilikwisha kuzama, akawa mtu wa kwanza kuona magharibi mbili katika siku moja. Huko huko akashikwa na maumivu makali katika sikio la kulia na taya. Akaitoa gesi, akateremka, na hakupaa tena maisha yake yote. Aliishi miaka 40 baada ya siku ile.

Karne ya 19 ndiyo iliyoeleza vizuri jinsi mlango wa sikio unavyofanya kazi. Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa London, alionyesha mwaka 1853 kwamba mrija wa Eustachi umefumba wakati wa mapumziko, na kwamba misuli ya kumezea ndiyo inayoufungua. Njia inayoitwa kwa jina lake ni kubana pua kisha kumeza mate. Toynbee alikuwa mtu wa kujijaribia dawa. Mwaka 1866 alikutwa amekufa. Alikuwa akijaribu juu ya nafsi yake kama kuvuta mvuke wa klorofomu na wa dawa yenye sumu ya sianidi kungeweza kutuliza mvumo wa masikio. Kabla yake kidogo, mwaka 1863, Adam Politzer wa Vienna alibuni njia ya kutumia mfuko wa mpira. Ncha ya mfuko huingizwa katika tundu moja la pua, tundu la pili likabanwa, mgonjwa akameza funda la maji, na wakati huo huo daktari akauminya mfuko. Hewa huingia masikioni kwa sababu mlango umefunguka kwa kumeza. Madaktari wa masikio wanaitumia njia hiyo hadi leo.

Kwa hiyo, ndugu Wright walipoirusha ndege yao mwaka 1903, kila kitu kuhusu mlango wa sikio kilikwisha kuandikwa. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuyachukua maandishi hayo kutoka kwenye maktaba za madaktari na kuyapeleka kwa abiria.

Ndege za mwanzo ziliruka chini na polepole. Miaka ya 1930 ilipofika, abiria walikuwa wakivuka milima ndani ya ndege ambazo hewa yake ilikuwa ile ile ya nje. Ndege ikipanda mita 3,000, na abiria naye alikuwa kwenye hewa ya mita 3,000. Tarehe 15 Mei 1930 Ellen Church, muuguzi wa Marekani, alikuwa mwanamke wa kwanza kuhudumia abiria ndani ya ndege, na mwanzoni wahudumu wa namna yake walitakiwa wawe wauguzi. Miongoni mwa vitu ambavyo abiria wa miaka ile walipewa ni chingamu na peremende. Kwa kuwa atafunaye au afyonzaye humeza mate, peremende ilikuwa Toynbee mtupu, aliyefungwa katika karatasi ya rangi. Tatizo ni kwamba abiria waliichukua kama takrima. Aliyependa vitu vitamu aliila mara moja, na asiyependa akaitia mfukoni kwa ajili ya watoto.

Huku kwetu, ndege za abiria za Imperial Airways kutoka Uingereza zilianza safari za kufika Mwanza mwaka 1931. Tangu mwaka 1937 ndege za kutua majini za kampuni hiyo zilipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyotoka pale ilibidi ivuke nyanda za juu za Kenya ndipo iteremke mpaka kwenye maji ya bandari ya Mombasa, na abiria wake wakateremka nayo, masikio yao yakiwa hayana kinga yoyote.

Mwaka huo huo wa 1937, madaktari wawili wa Marekani, Harry Armstrong na John Heim, walichapisha uchunguzi wao juu ya sikio la msafiri wa angani. Armstrong alikuwa daktari wa jeshi, na walifanya majaribio ndani ya chumba ambacho hewa yake inaweza kupunguzwa na kuongezwa. Waliona kwamba mtu anaposhuka bila kumeza mate, tofauti ya mgandamizo huzidi kukua. Ikifikia milimita 80 hadi 90 za zebaki, misuli ya kumezea haina nguvu tena ya kuufungua mrija, hata mtu ameze vipi. Tofauti hiyo ni sawa na kushuka mita 1,000 hivi karibu na usawa wa bahari bila kumeza hata mara moja. Baada ya hapo mlango umejifunga, na dawa yake ni kupanda tena juu, kuufungua, kisha kushuka polepole. Rubani wa jeshi aliye peke yake aweza kufanya hivyo. Abiria wa kiti cha nyuma hawezi.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Maumivu ya sikio yana saa yake. Mwenye kuanza kumeza mapema atapita salama kwa juhudi ndogo, na mwenye kungoja mpaka aumie atakuta mlango hausikii tena. Wahenga wetu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la msafiri husikia dawa vizuri kabisa, lakini kwa muda maalumu tu.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia daktari wa Kijerumani, Hermann Frenzel, aliwafundisha marubani wa ndege za kushambulia kwa kupiga mbizi angani njia nyingine: kubana pua, kufunga koo, na kuutumia ulimi kama bomba la kujazia baiskeli upepo. Rubani aliyeteremka wima hakuwa na nafasi ya kutafuna kitu. Njia hiyo leo inatumiwa zaidi na wapiga mbizi wa baharini, na hivyo maarifa yamerudi yalikoanzia.

Wahandisi nao walitafuta dawa yao. Mwaka 1940 ndege ya Boeing 307 ilianza kubeba abiria huko Marekani. Ilikuwa ya kwanza ya abiria kutumika ikiwa imejazwa hewa ndani, ili mtu aliye juu sana ajisikie kama yuko chini zaidi. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet, ya kwanza ya jeti kubeba abiria, iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe ilikuwa moja ya vituo vyake. Iliruka zaidi ya mita 10,000 huku abiria wake wakipumua bila shida. Lakini hewa iliyofungiwa ina nguvu. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani na kuanguka katika bahari ya Mediterania, na uchunguzi ukaonyesha kwamba bati lake lilichoka kwa kutanuliwa na kuachiwa katika kila safari. Ngozi ya ndege ilipatwa na kile kile kinachoweza kuipata ngozi ya sikio, na waliokuwamo wakalipa kwa roho zao. Ndege zilizofuata zilitengenezwa imara zaidi kutokana na msiba ule.

Hata hivyo, mpaka leo ndege haijazwi hewa ya pwani. Inaporuka mita 10,000 au 12,000, ndani yake hewa huwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama kuketi juu ya Nairobi kidogo, kuelekea Limuru. Hewa iliyo ndani ya sikio hutanuka kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo anayetua Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,300, masikio yake aghalabu hayana habari. Anayetua Dar es Salaam, Unguja, Jeddah au Muscat analazimika kuishuka ngazi yote hadi chini.

Nilikuwa na shangazi yangu aliyekwenda kuhiji mwaka 1989. Kila aliyepata kuhiji anajua kwamba mahujaji wengi hurudi na mafua na kikohozi, kwa kukaa pamoja umati mkubwa namna ile. Naye alirudi nayo. Ndani ya ndege, kwa uchovu wa siku zote zile, alilala usingizi mzito. Mtu akilala humeza mate kwa nadra, na mafua huuvimbisha mlango wa sikio na kuuziba. Aliamka ndege inakaribia kutua Dar es Salaam, sikio lake la kushoto likimuuma kama linachomwa sindano ya moto. Alishuka ngazi akilishika kwa kiganja, nasi tuliokwenda kumpokea tukadhani analia kwa furaha.

Sikio lile halikusikia vizuri kwa wiki kadhaa. Nyumbani kila mtu alikuwa na kauli yake. Wako waliosema ni hijabu, wako waliosema ni upepo mbaya, na wako waliomtilia mafuta ya nazi ya moto. Daktari aliyemtazama baadaye alisema ngoma ilichanika na kwamba ingepona yenyewe, na kweli ilipona, lakini usikivu wa upande ule haukurudi wote. Hakuna aliyemweleza kwa nini. Mwanawe wa pekee alikuwa akiishi Muscat na mkewe na watoto. Kila mwaka alimpelekea salamu kwamba tiketi i tayari, na kila mwaka shangazi alijibu kwa kicheko: "Mwambieni hili lililobaki nalitaka nisikie adhana." Wajukuu zake aliwajua kwa picha na kwa sauti za simu, alizozisikiliza kwa sikio la kulia. Alifariki mwaka 1997 akiwa hajakanyaga Muscat.

Nikisoma habari ya Jacques Charles na miaka yake 40 ya kukaa chini, humkumbuka shangazi. Charles aliogopa kitu ambacho watu wa zama zake walikuwa hawajakichunguza angani, kwa hiyo hofu yake ina udhuru. Shangazi aliogopa kitu kilichochunguzwa, kikapimwa na kuchapishwa miaka 52 kabla hajapanda ndege. Angeliambiwa, "Shangazi, ndege ikianza kushuka usilale, meza mate," pengine asingeumia. Na hata baada ya kuumia, angeliambiwa ni mafua na usingizi vilivyomponza, wala si anga yenyewe, pengine angelikwenda kuwaona wajukuu.

Basi na niyaandike hapa yale ambayo yangemfaa, kama nilivyoyakusanya kwa madaktari na vitabu. Ndege huanza kushuka kiasi cha nusu saa kabla ya kutua. Mtu asilale wakati huo, na kama ana mwenzake amwombe amwamshe. Ameze mate mara kwa mara tangu mwanzo wa kushuka, kabla hajahisi lolote. Peremende, chingamu au maji ya kunywa funda kwa funda humsaidia. Kupiga miayo, hata ya kujilazimisha, husaidia vile vile. Kama sikio limeanza kuziba, abane pua ameze mate, au abane pua apulize polepole. Nasema polepole, kwani kupuliza kwa nguvu nyingi kwaweza kuliumiza sikio. Mtoto mchanga hajui kumeza kwa kuamriwa. Anyonyeshwe au apewe chupa wakati wa kushuka, akiwa ameinuliwa kichwa. Kilio cha mtoto ndani ya ndege huwaudhi abiria, lakini mara nyingi ni masikio yanayomliza, na kulia kwenyewe humsaidia kuyafungua.

Mwenye mafua ana shida zaidi. Licha ya masikio, kuna vishimo vya hewa ndani ya mifupa ya paji la uso na mashavu, ambavyo madaktari huviita sainasi, navyo hutegemea vijitundu vidogo vya kutokea puani. Vikizibwa na kamasi, maumivu ya paji wakati wa kushuka huwa kama ya kupigwa nyundo, wala kumeza mate hakuyafikii. Ikiwezekana, mtu wa namna hiyo aahirishe safari. Ikishindikana, zipo dawa za kupunguza uvimbe wa pua, za matone na za vidonge. Tafiti zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1990 zilionyesha kwamba vidonge vya sudoefedrini, vikimezwa kama nusu saa kabla ya kuondoka, viliwapunguzia watu wazima maumivu ya sikio, ingawa kwa watoto wadogo havikusaidia. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asivitumie kabla ya kumwuliza daktari. Na ambaye sikio limeziba likakataa kufunguka kwa siku kadhaa, au linatoa damu au maji, au linamtia kizunguzungu, aende hospitali. Mafuta ya nazi yabaki jikoni.

Katika safari zangu za miaka ya karibuni sijaiona tena sinia ya peremende ikipitishwa kabla ya kutua. Mhudumu husimama mbele yetu akatuonyesha jaketi la kuokolea lilipo chini ya kiti na jinsi ya kulifunga. Ni jambo jema, japokuwa wengi wetu tutasafiri maisha yetu yote bila kulihitaji. Sijasikia hata mara moja ikitangazwa kwamba sasa tunaanza kushuka, walio macho wameze mate, na waliolala waamshwe. Lingekuwa tangazo la maneno kumi tu. Mpaka litakapotangazwa, kazi hiyo ni yetu sisi tuliojua. Kila tunapomsindikiza mama au shangazi uwanja wa ndege, pamoja na kumkumbusha pasi na miwani, tumwambie na habari ya mlango wa sikio lake, na tumtilie peremende mbili tatu katika mkoba.